Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Stendi ya Mikumi mchana haina adabu. Mabasi ya Mbeya na Iringa huingia kwa honi, abiria wakashuka kuchimba dawa, kila mmoja akitafuta choo, wachuuzi wakagombania madirisha. Hildegarda alikuwa amesimama mlangoni pa mgahawa wake, gauni la kitenge cha njano likimkaa utadhani alizaliwa nalo, alipomwona kijana mrefu mwenye shati jeupe akichungulia uani.

"Kaka, kwangu hapachimbwi dawa bure. Nunua walau chai."

"Mimi dawa naandika tu, dada. Sichimbi."

"Kumbe daktari?"

"Wa upasuaji. Melkizedek. Nimehamishiwa Kilosa, nasubiri gari."

Gari la Kilosa likaja, likaondoka, naye bado anapuliza chai. Hildegarda alicheka mpaka akashika meza. Melki hakukasirika hata kidogo, na hapo mwanamke yule akajua kuwa amepatikana.

Mapenzi yao yakaota kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Ndiyo kwanza natoka kupasua. Nina njaa ya sauti yako, Garda."

"Maneno hayo wanafundisha chuo gani cha udaktari?"

"Stendi ya Mikumi."

Ukapita mwaka. Ndipo wilaya ikatangaza kwamba wananchi wapendekeze majina ya madaktari wa upasuaji wanaostahili nishani ya taifa. Hildegarda hakuhitaji kufikiri. Alimkumbuka Costancia, mkata miwa wa Ruaha, aliyefikishwa hospitali hajitambui na Melki akamrudisha kwa wanawe. Lakini alimjua pia mtu wake. Ukimsifu tu, atakujibu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niache nifanye kazi." Kwa hiyo akaamua kumfanyia jambo hilo kimyakimya. Kilichopungua kilikuwa historia yake ya utotoni, na hiyo ilikuwa kwa mama yake, milimani juu ya Kilosa. Yeye na mama huyo walikuwa hawajawahi kuonana wala kuongea. Akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Hildegarda, wa Mikumi. Mama, naomba wasifu wa Melkizedek. Alizaliwa lini, alisoma wapi. Unatakiwa haraka."

Simu ikakatika. Hildegarda akalaumu mtandao wa milimani, akarudi kwa wateja wake.

Kwa Mama Yared, mama yake Melki, neno wasifu lilikuwa na kazi moja tu. Wasifu husomwa jeneza likiwa mbele ya watu. Mara ya mwisho aliyemwomba wasifu alikuwa mchungaji, na ulikuwa wa Yared, mwanawe wa kwanza. Alipiga yowe moja, majirani wakajaa. Wanawake wakatandika mikeka, wanaume wakakoka moto uani. Walipompigia Melki, simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu alikuwa akipasua, na kuzimwa kule wakakuchukua kuwa ndio uthibitisho.

Alipoiwasha alikuta ujumbe wa ndugu wakipeana pole ya kifo chake. Akapanda mlima mbio, akamkuta mama yake amelala mkekani, presha imempanda, mkono wa kushoto umekataa kushika kitu. Mama alimpapasa uso kwa mkono ule mwingine, asiamini.

"Ulimpigia mama yangu?" Melki aliuliza kwenye simu. Sauti haikuwa yake.

"Nilikuwa naandaa jina lako la nishani, mpenzi. Nilitaka nikushtukize."

"Mama amelazwa, Garda. Umenizika mbele ya macho yake."

"Sikujua. Nakuapia, sikujua."

"Hukuuliza. Ulitaka mwanamume mwenye nishani kifuani, mimi hukuniona. Usinipigie tena."

Neno lile lilimkata Hildegarda kuliko kisu chochote cha Melki. Alikwenda wilayani akaliondoa jina kwa mdomo wake. Alilia jikoni akisingizia vitunguu. Akapiga simu, haikupokelewa. Wiki zikapita, na siku aliposikia mama ameruhusiwa na anakaa kwa mwanawe mjini Kilosa, alijifunga kanga mbili zilizofifia rangi, akapanda gari.

Alimkuta barazani, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Kwa watu wa huku, shikamoo isiyoitikiwa ni mlango uliofungwa. Hildegarda akabaki magotini.

"Ni mimi niliyepiga simu. Nilikosa, mama. Nimekuja kuomba radhi. Jina lake nimeshaliondoa."

"Nani alikutuma kuliondoa?" Mama alikuwa akiutazama mkono wake uliolegea. "Yared wangu alisifiwa vizuri. Watu walilia. Yeye hakusikia hata neno moja. Huyu aliyebaki nataka asikie. Asomewe."

"Muda wa kupeleka majina umekwisha, mama."

"Mimi sikusema wilayani. Asomewe hapa." Kisha akashusha pumzi. "Marahaba. Inuka, uketi."

Mchana kutwa mama alimsimulia maisha ya Melki. Jioni Melki aliingia, akamwona, akaganda mlangoni.

"Keti," mama yake alisema, naye akaketi.

Hildegarda alisimama.

"Melkizedek ni mtoto wa pili wa Mama Yared. Alisomeshwa kwa maharage ya mlimani. Kaka yake alipofariki aliapa kujifunza kazi ya kuzuia vifo. Costancia wa Ruaha anapika leo kwa sababu yake. Mfugaji wa Msowero aliyepigwa pembe na ng'ombe anachunga tena. Bibi mmoja alimfia kwenye meza ya upasuaji, naye akaenda matangani, akakaa chini na wafiwa. Hakuna aliyemtuma." Akamtazama Melki. "Hakuwahi kupenda sifa. Mimi nilimpenda kabla sijajua kama mikono yake ina thamani yoyote. Alikuwa mtu aliyeachwa na gari, basi. Nimemaliza."

Melki alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea kwenye shati.

"Hujamaliza," akasema. "Wasifu hauishii hapo."

"Nimesahau nini?"

"Mwisho husemwa mtu ameacha nani." Akainua uso. "Mimi sijaacha mtu, Garda, ingawa nilijaribu. Kwa hiyo usiseme ameacha. Sema ana mke."

Hildegarda alimgeukia mama. "Niseme, mama?"

"Sema kwa sauti, mwanangu. Nataka majirani wasikie hili pia."

"Ana mke," Hildegarda akasema, na sauti ikamkatika hapo, hakuweza kutaja jina lake mwenyewe.

Ndipo Melki akamtajia.