Idd Mbili, Magauni Mawili

Kila Ijumaa Jalila alivuka feri na shangazi yake. Alitoka kwa mama, Likoni, akaenda kwa baba, Magogoni. Alikuwa na miaka minane. Mkononi alibeba mkoba wa nguo, na kichwani alibeba maneno.

"Mwambie babako asikurudishe umechelewa," alisema mama yake, Rahima.

"Mwambie mamako mimi si mtumishi wake," alijibu baba yake, Jafar.

Wawili hao walikuwa wameachana. Kila mmoja alikuwa na simu, tena yenye chaji. Lakini mjumbe wao alikuwa mtoto. Naye Jalila alijifunza kuyapunguza makali maneno hayo njiani.

Kuhusu sikukuu walipatana kwa mdomo tu: Idd Mosi kwa baba, Idd Pili kwa mama. Walisahau jambo ambalo kila mtu wa Pwani analijua. Mwezi nao huleta ugomvi.

Mwaka huo, kina Jafar walifuata mwezi ulioonekana nchi za mbali. Wakasali Idd Jumamosi. Kwa kina Rahima mwezi haukuandama, na Jumamosi hiyo bado walifunga. Ijumaa yake Rahima hakumruhusu Jalila avuke, akingoja mwezi.

Asubuhi Jafar alifika Likoni na kanzu mpya.

"Idd Mubarak. Nimemfuata mwanangu."

"Idd gani? Hapa twafunga. Njoo kesho."

"Kesho kwangu ni Idd Pili. Utasema ni zamu yako! Wallahi sitoki hapa bila yeye."

Wakapigiana kelele mlangoni, majirani wakisikia. Jalila aliingia chumbani. Alipotoka, alionekana mnene ghafla. Alikuwa amevaa gauni la Idd alilonunuliwa na mama. Juu yake alivaa lile alilonunuliwa na baba. Jasho lilimtiririka usoni.

"Nimevaa yote mawili," alisema. "Sasa msigombane."

Aibu iliyoje! Wakubwa wazima walikosa pa kuficha nyuso.

Jirani wa Rahima, Bi Mwanakheri, alikuja. Kazi yake ni kuwasuluhisha wazazi walioachana. Aliwaketisha barazani.

"Shikamoo, Bi," walisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Wanangu, mwezi ni wa Mungu, lakini mtoto ni wenu. Ndoa imekwisha, malezi hayajesha. Semezaneni wenyewe, msimtume yeye. Wala msimfanye achague. Andikeni siku na saa. Andikeni pia mtafanya nini mambo yakibadilika. Mkishindwa, nendeni kwa msuluhishi kama mimi, kwa kadhi au kwa afisa wa watoto."

"Na Idd zikiwa mbili?" Jafar aliuliza.

"Basi mtoto ana bahati. Na asherehekee zote."

Waliandika papo hapo, kwenye karatasi ya daftari. Idd zikitofautiana, kila nyumba itakuwa na yake. Zikiwa siku moja, asubuhi kwa mama, alasiri kwa baba. Siku hiyo Jalila alienda Magogoni, akarudishwa kabla ya magharibi.

Mwaka uliofuata Idd ilikuwa siku moja. Rahima alimpigia Jafar simu mwenyewe. Wakanunua gauni moja, kwa pamoja.

Asubuhi ya Idd Rahima alimvisha binti yake.

"Mama, na jingine liko wapi?"

"Ni hili moja tu. Tumenunua sote wawili, mimi na babako."

Jalila aliinua pindo, akachungulia ndani ya gauni, kuhakikisha. Rahima aligeukia ukutani asionekane analia.