Roketi Iliyopakwa Mafuta ya Korosho

Roketi ya Alfredi iliibwa Newala Jumamosi asubuhi, zikiwa zimebaki saa nne irushwe. Ilikuwa na urefu wa mtu mzima na ilishajazwa baruti. Inspekta Mudathiri aliacha uji wake mezani. Mwizi akiichezea na kiberiti, wataokota vipande vya mtu.

Alfredi alikuwa fundi mitambo. Kiwanda cha korosho kilipofungwa mwaka 1997 kumsubiri mwekezaji, alirudi nyumbani na spana zake, akawa mtu wa kununa. Miezi saba alijenga roketi ile bandani. Kama ingepaa vizuri mbele ya wanafunzi wa sekondari, mkuu wa shule angempa kazi ya karakana.

"Uliigusa lini mara ya mwisho?" Mudathiri aliuliza.

"Jana jioni, afande. Niliipaka mafuta ya maganda ya korosho ing'ae. Hayajakauka."

Mudathiri akapata nafuu kidogo. Mafuta yale yakiwa mabichi hubabua ngozi. Akawatuma askari wakague mikono ya mtaa mzima. Saa mbili zikapita bila kuonekana hata lengelenge moja.

Akarudi bandani. Juu ya meza akaona kitu alichokipuuza asubuhi: alama za vidole vya majivu. Akajilaani kimoyomoyo. Mbanguaji yeyote wa korosho hupaka majivu mikononi asibabuke. Basi mwizi alijua roketi imepakwa nini.

"Nani mwingine alijua?"

"Mke wangu tu. Ndiye aliyeipiga msasa."

Mkewe, Anjelina, alikuwa jikoni. Hakubisha.

"Mama Esther, iko wapi?"

"Kwenye shimo la choo kipya. Nimeimwagia maji."

Askari akaenda, akarudi akiitikia kwa kichwa. Mudathiri akakaa kwenye kigoda.

"Kwa nini?"

"Iliniponyoka nikiipiga msasa, pezi moja la mkiani likapasuka. Nikaziba kwa puti, nikasugua mpaka pakalingana. Jana usiku Esther akaniambia darasa lao ndilo litakaa mbele. Pezi likivunjika angani, ingewageukia watoto."

Alfredi alikuwa mlangoni. "Mama Esther, pezi ni kazi ya siku moja. Ungeniambia."

"Siku ile nilipomaliza kusugua, uliishika ukacheka. Tangu kiwanda kifungwe hukuwa umecheka. Nikaogopa."

Mudathiri alimuuliza Alfredi kama atafungua shtaka. Akakataa. Akavaa shati, akaenda shuleni kumwambia mkuu kwamba roketi haitaruka, na kwamba aliyeiharibu ni yeye mwenyewe.