Fundi Aliyeyapangia Maji Mpaka

Jamani wenzangu wa mabondeni, sogeeni niwaambie yaliyomkuta fundi cherehani wa mtaa wa chini, maana sisi masikio yetu yana nta.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Fundi alikuwa kibarazani akishona sare za shule, na mama yake mzee, aliyepooza miguu, amelala chumbani na redio sikioni. Ukutani palikuwa na mstari mwekundu, usawa wa paja. Fundi aliuchora mwenyewe mwaka wa mafuriko makubwa, pale pale maji yalipoishia. Kisha akakipandisha kitanda cha mama juu ya matofali mpaka kikaupita mstari. Majirani wakambandika jina, Mzee Mpaka. Mvua ikinyesha, ni yeye waliyekuja kumuuliza.

Mara gari la matangazo likapita: mto umefurika huko juu, watu wahame kabla ya saa sita mchana. Mkewe akatoka jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Baba Watoto, tumbebe mama. Dada yangu ana chumba kule kilimani."

"Nimsumbue mama kwa manyunyu haya?"

"Huko juu wamejenga barabara mpya, maji yamebanwa. Haya si yale ya zamani."

"Nimekua nayo maji haya. Pale kwenye mstari hayavuki!"

Mama akaitikia toka chumbani, "Muache mwanangu, anayajua."

Ee, mzazi na imani yake! Naona uchungu hata kusimulia. Mke akawachukua watoto, akasema akishawafikisha atarudi na watu wamchukue mama, fundi anune asinune. Jirani akachungulia dirishani.

"Mzee Mpaka, tuhame?"

"Tulieni."

Wakatulia, mtaa mzima.

Saa saba maji yakaanza kupanda kupitia shimo la choo, kimyakimya. Fundi akacheka, akainua cherehani yake kuiweka mezani. Hajamaliza kuifunga kamba, anageuka, mstari hauonekani. Akakimbilia chumbani.

"Mwanangu, mbona godoro limelowa?" mama akauliza.

"Nishike shingo, mama. Shika sana."

Akambeba mgongoni. Kufika mlangoni, maji ya barabarani yakamkumba kifuani, yakamwangusha. Ile mikono iliyomkumbatia shingoni ikalegea, moja, halafu ya pili.

Mkewe, aliyehangaika hadi mchana kupata watu wa kumsaidia, aliporudi na wanaume na kamba, walimkuta fundi ameng'ang'ania nondo za dirisha, anaita. Yeye na majirani waliokuwa juu ya mapaa waliokolewa. Mama alionekana siku ya tatu, mbali sana. Mazikoni fundi hakutoa chozi. Kila aliyempa mkono wa pole, fundi alimwambia neno lile lile: "Kilimani ni mwendo wa robo saa tu."

FUNZO

Ndugu zangu, tusiyapime mafuriko ya leo kwa ya mwaka ule. Mto unabadilika, na sisi tunajenga, tunaziba, tunasahau. Tahadhari ikitangazwa, usiende kumuuliza jirani asiyejua zaidi yako. Toka. Na mwenye mgonjwa au mzee ndani aanze naye huyo, asubuhi, ardhi ikiwa kavu. Acha akulalamikie njia nzima kwamba umemsumbua bure.