Waya Juu ya Ukuta

Plagi ilikuwa chini tena.

Vuai aliinama akaiokota. Alikuwa ameichomeka mwenyewe alasiri, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikakaza, maana yeye ni fundi wa umeme, na fundi anayeacha plagi ikilegea nyumbani kwake atamwambia nini mteja? Sasa adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kulia kwenye simu ya mkewe, na plagi imelala sakafuni, meno yake matatu juu. Aliyagusa. Yalikuwa ya moto.

Ilikuwa siku ya tatu mfululizo, na saa ni ile ile.

Waya wa plagi ile ulitoka chumba cha nyuma, ukapita dirishani, ukaruka ukuta na kuingia kwa jirani yake, Gaston, Mkongo. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya watu wa Rosettenville majira ya baridi ya mwaka 2015, umeme ulipokuwa wa mgao. Nyumba ya Vuai na ya Gaston zilipeana migongo, lakini kila moja ilitazama mtaa wake, na kwenye ratiba ya mgao mitaa ile miwili ilikuwa katika makundi tofauti. Kwa Gaston kukiwa giza, kwa Vuai taa zinawaka. Kesho yake kinyume chake. Basi wakakubaliana: ukuta mmoja, waya mmoja, leo nipe kesho nikupe. Sheria hairuhusu, lakini baridi ya Juni ya Johannesburg haijawahi kusoma sheria.

Kwa Vuai waya ule ulikuwa wa hita na televisheni. Kwa Gaston ulikuwa jambo jingine. Mkewe, Mama Jocelyne, mapafu yake yalikuwa yamechoka, na alipumua kwa mashine ya oksijeni. Kila mgao ulipoingia upande wao, mashine ile iliishi kwa plagi ya Vuai.

Mama Jocelyne alikuwa amezikwa siku kumi zilizopita. Kanisani walisema umeme umemuua. Kwenye foleni ya teksi walisema umeme umemuua. Hata makaburini watu waliacha kulia kidogo wakaulaani mgao, na Vuai alikuwa miongoni mwao, akitikisa kichwa kuliko wote. Yeye peke yake alijua kwamba haikuwa hivyo.

Siku aliyokufa ilikuwa ya pili ya Ramadhani. Vuai alikuwa na wageni watano wa kufuturu, watu wa Unguja na Tanga, na Kidawa mkewe alikuwa amewasha jiko sahani zote nne, oveni ina katlesi, birika linachemka, hita sebuleni kwa ajili ya wageni. Adhana ikalia, wageni wakanyanyua tende, na swichi kubwa ikaanguka. Giza. Vuai akainyanyua. Ikaanguka tena. Mgeni mmoja akacheka: "Nyumba ya fundi hii?" Vuai aliona aibu, akaenda chumba cha nyuma huku akipiga hesabu za umeme kichwani, akauona waya wa Gaston, akauchomoa.

Dakika kumi tu, alijiambia.

Taa zikawaka, sambusa zikaiva, watu wakala wakamsifu Kidawa. Kisha wakaingia kwenye gari la mgeni kwenda kuswali tarawehe. Katika rakaa ya nane Vuai aliikumbuka plagi. Alisimama pale safuni, mikono kifuani, akajiambia kwamba hapana, lazima ameshairudisha, na kwamba mtu havunji swala kwa wasiwasi. Akaendelea mpaka mwisho. Akabaki hata kwa dua.

Aliporudi, vilio vilikuwa vimeshatanda nyuma ya ukuta. Kabla hajaenda kutoa pole aliingia chumba cha nyuma na kuichomeka plagi taratibu, mtu asisikie. Ndipo akazunguka kwa Gaston. Gaston alikuwa bado na sare ya ulinzi aliyotoka nayo kazini, amekaa chini kando ya kitanda.

"Papa Samira," Gaston alimuuliza, akimwita kwa jina la bintiye, "na kwenu pia umeme ilikatika?"

"Ulikatika," alisema Vuai.

Neno moja tu, katika mwezi ambao hata kulamba chumvi ya mchuzi mchana ni hesabu.

Siku ya nne ya plagi kuanguka, nyumba ilinuka sambusa. Kidawa alikuwa amepika uji na mihogo tu. Alifungua oveni, ilikuwa baridi, na harufu ya mafuta na bizari ikazidi kuja kutoka chumba cha nyuma. Usiku huo huo, walipokuwa wanafuturu kimya kimya, binti yao Samira wa miaka sita alishusha kijiko.

"Baba," alisema, "ukuta unapumua."

Vuai alitaka kumkemea lakini na yeye alikuwa anasikia. Kuvuta, kukaa kidogo, kutoa. Kuvuta, kukaa kidogo, kutoa. Aliweka sikio ukutani na ubaridi wa chokaa ukamwingia mpaka kwenye meno.

Magharibi iliyofuata pumzi zikahama, zikamwingia Samira. Mtoto aliyekuwa akiruka kamba uani alikaa chini ghafla, mabega yakaanza kupanda na kushuka, midomo ikafifia. Ilidumu dakika kumi ikaisha, kama vile kuna mtu amemwachia koo. Kesho yake dakika ishirini. Keshokutwa arobaini. Zahanati walimpima kifua wakasema ni safi, hana kitu, mpeni maji ya uvuguvugu. Siku ya nne ya kubanwa ilichukua dakika themanini, na Vuai, mtu wa hesabu, hakuhitaji kuambiwa kesho itakuwa ngapi. Ni muda ule ule, kutoka adhana ya magharibi mpaka mwisho wa dua ya tarawehe. Mama Jocelyne hakuumaliza.

Alijua, na bado hakusema. Aliogopa. Aliogopa macho ya Kidawa, aliogopa polisi kwa ajili ya ule waya, na zaidi ya yote aliogopa kumtazama Gaston. Alikuwa mwoga, na alijichukia kwa woga wake.

Kidawa ndiye aliyemwita Mwalimu Khatibu kutoka Yeoville, mtu wa Tanga anayesomesha watoto Kurani na kutibu wenye mashetani. Alifika siku ya tano kabla ya jua kuzama, na chetezo chake, ubani, na sahani nyeupe ya kuandikia kombe kwa zafarani, aya za kuoshwa na kunywewa.

"Mwalimu," Kidawa alinong'ona, "Ramadhani mashetani si wamefungwa minyororo? Sasa hiki ni nini?"

"Mashetani wamefungwa, mwanangu. Lakini kuna majini Waislamu, nao wanafunga kama sisi. Hao ndio wagumu. Shetani utamtisha kwa aya. Huyu anazijua aya kukuzidi wewe."

Adhana ikalia. Plagi ikadondoka chumba cha nyuma, wote waliisikia. Samira akashika kifua. Mwalimu Khatibu akatia ubani makaani, akaanza kusoma, na moshi badala ya kupanda ukatambaa sakafuni kuelekea ukutani. Kidawa akatetemeka mara moja. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa yake lakini sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mwanamke mzee, mpole, asiye na haraka.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," alijibu Mwalimu. "Nani mwenzetu?"

"Nakaa katika ukuta huu. Nina majirani wawili, mmoja huku, mmoja kule."

"Unataka nini? Udi? Nguo? Damu?"

"Nimefunga. Sikuja kula." Kichwa cha Kidawa kikamgeukia Vuai. "Kuna neno alilitoa kwa jirani yake. Alirudishe."

"Na mtoto amekosa nini?"

"Mtoto anapumua kile alichoachiwa yule mama. Mkiona ni kidogo, mwulizeni aliyekipima."

Mwalimu Khatibu alimtazama Vuai. "Neno gani, bwana?"

"Sijui," alisema Vuai, na papo hapo Samira akatoa mlio mdogo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Na hapa hakikuanza na wewe. Kimeanza na mwanao."

Vuai alimwona mtoto wake akifungua mdomo na hewa isiingie, aliona kucha zake zikigeuka rangi ya zambarau moja baada ya nyingine, alisikia ukuta ukivuta kwa nguvu kana kwamba ndio unaoinywa hewa yote ya chumba, ya mtoto, ya mwalimu, ya moto wa chetezo uliokuwa unafifia, na miguu yake iliyokataa kwenda siku zote hizo ikamtoa mbio kupitia mlango wa nyuma, akapanda juu ya kreti la soda, akashika kichwa cha ukuta kwa mikono miwili na kuita jina la jirani yake kama mtu anayezama.

Upande wa pili ulikuwa kwenye mgao. Gaston alikuwa amekaa uani gizani, na koti lake la kazini, mbele ya mbaula, jiko la bati la makaa. Alisimama akasogea.

"Papa Samira? Kuna nini?"

"Haukukatika," alisema Vuai.

"Nini?"

"Umeme. Siku ile. Kwetu haukukatika, Bwana Gaston. Nilichomoa plagi yako mimi, kwa mkono wangu, futari yangu iive. Nikasahau. Halafu nikakumbuka, na sikurudi. Nikakudanganya mbele ya maiti. Nilimuua mimi." Alikuwa analia sasa, na hakujali.

Nyuma yake, ndani, Samira alivuta pumzi ndefu, kisha akaangua kilio kikubwa cha mtoto mwenye afya. Kidawa aliita kwa sauti yake mwenyewe: "Baba Samira! Anapumua! Njoo umwone!"

Vuai alitaka kwenda. Lakini Gaston alikuwa bado amesimama pale chini, uso wake umemulikwa nusu na makaa, na hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Alinipigia telefone," alisema Gaston. "Kazini. Akasema, Papa, umeme ya waya imekufa, na mtungi ya akiba imeisha, nibaite bale ba ukuta?"

Vuai aliinama zaidi juu ya ukuta apate kusikia.

"Nikamwambia: ngoja kidogo, Mama. Bale bantu banashinda na njaa muchana muzima. Sasa njo saa yabo ya kula. Usibasumbue. Ngoja nusu saa." Gaston alijifuta mdomo kwa kiganja. "Kisha hakupiga tena. Nikarudi, nikamukuta. Na wewe ukaniambia na kwenu ilikatika. Nikamshukuru Mungu, Papa Samira. Nikasema, basi, hata kama angeita, ingekuwa bure. Na hiyo neno yako ndiyo nilikuwa nalalia."

Makaa yalipasuka kidogo. Vuai alikuwa amekuja kutua mzigo wake, na sasa aliona ulipotua.

"Angeita," alisema Gaston polepole, "ungemusikia."

"Ningemsikia."

"Ungerudisha plagi."

"Ningerudisha. Palepale."

Gaston alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelezwa njia. Kisha akasogea karibu kabisa na ukuta.

"Mwanangu Cédric anakuja Jumapili kutoka Lubumbashi. Atauliza namna gani mama yake alikufa. Usimwambie. Hiyo yako, hiyo yangu, zote. Tumwambie ni umeme. Bantu bote banasema ni umeme."

Mwalimu Khatibu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na chetezo mkononi. Alinyanyua kidole kumkataza. Vuai alikiona kile kidole. Aliuona pia uso wa Gaston, uso wa mtu ambaye yeye Vuai alishamnyang'anya kila kitu mara mbili, na hakuweza kumnyima mara ya tatu.

"Sawa," alisema. "Ni umeme."

"Merci," Gaston alishukuru.

Akageuka, akaingia nyumbani kwake kwenye giza na kufunga mlango. Vuai hakushuka kwenye kreti. Mikono yake bado ilikuwa juu ya ukuta, na chini ya viganja vyake aliusikia ukuta ukisogea kidogo, kama mtu anayegeukia upande wa pili kitandani. Kisha kutoka kule, nyuma ya mlango uliofungwa wa mgane anayekaa peke yake, ikaanza. Kuvuta, kukaa kidogo, kutoa. Mara Gaston akakohoa. Mara akakohoa tena, na kikohozi kikakatika katikati.

Kidawa alitokea uani na Samira mgongoni, amemfunga kanga, mtoto ameshaanza kusinzia. Alimshika mumewe mguu.

"Imetoka?" alinong'ona.

Vuai alishuka. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akafunga mlango, akaweka komeo.

"Kwetu imetoka," alisema.