Nyuma ya Firigogo

Jeki iliteleza saa nne asubuhi, na gari la Kirusi likamkalia Jambal gotini. Nyamsuren alikuwa amelala kifudifudi kwenye changarawe mbali kidogo, kamera jichoni, akimnyemelea ndege tandawala. Alipousikia ukelele alidhani ni ngamia.

Alichimba mchanga kwa sufuria mpaka akamtoa. Mfupa ulikuwa nje. Yeye, muuguzi mstaafu, hakujiuliza mara mbili: aliunyoosha mguu, akaufunga kwa vyuma vya stendi ya kamera, kisha akatazama maji. Lita saba. Simu haikushika mtandao. Ekseli ilikuwa imekatika vipande viwili.

"Shemeji, kuna uliyemwambia tunakuja huku?" alimuuliza Jambal.

"Hakuna."

"Na siku ya kurudi?"

"Wewe umeanza lini kutangaza siku ya kurudi? Si kujiitia balaa huko?"

Langoni mwa hifadhi, mke wa askari alikuwa amewauliza waziwazi, na Nyamsuren mwenyewe ndiye aliyejibu kwa tabasamu, "Tutaonana tukionana." Ndivyo alivyolelewa, ndivyo kila mtu wa jangwa la Gobi anavyolelewa: safari haitabiriwi kwa mdomo. Basi wiki nzima ingepita kabla ya mtu yeyote kuwaulizia.

Siku ya pili, jua likiwa bado chini, firigogo, wale ndege wa jangwani wafananao na njiwa, walipita juu yao makundi kwa makundi, wakielekea mlima mweusi wa kaskazini. Baadaye wakaanza kurudi. Nyamsuren aliwafuata kwa lenzi ndefu.

"Madume wamelowa matumbo," alisema. "Wanawapelekea makinda maji. Kuna chemchemi."

"Firigogo huruka mwendo wa siku nzima wa ngamia kwa funda moja. Wewe na magoti yako hayo?"

"Magoti yangu yote mawili yanafanya kazi."

Jambal alicheka, kicheko kikamuuma. Homa ilikwisha kumpanda. Nyamsuren alimwachia maji yote isipokuwa chupa moja, akamtandikia turubai ubavuni mwa gari, akaondoka.

Ndege wale hupita asubuhi tu. Walipokoma, aliendelea akijiwekea alama za mawe njiani, macho mlimani. Adhuhuri changarawe iliunguza soli. Chupa ilikauka kabla ya alasiri, ulimi ukavimba kama kipande cha ngozi ya kiatu. Alijikunja chini ya kichaka cha msaksauli kisicho na kivuli cha kutosha hata sungura, na mara mbili akamsikia marehemu mumewe akimuuliza amemwacha wapi mdogo wake.

Siku ya tatu ndege walirudi, safari hii chini, wakishuka. Akawafuata kwa kutambaa pale miguu ilipogoma.

Kwenye chemchemi, mwanamke alikuwa akiwanywesha ngamia kwa ndoo ya mpira, pikipiki yake imeegemezwa kando. Aliinua kichwa.

"Umesafiri salama?"

"Salama," alijibu Nyamsuren, midomo ikivuja damu. "Ngamia wako wamenenepa?"

"Wamenenepa, shukrani. Wewe mbona..."

Hapo ndipo Nyamsuren alipojisikia anasema nini. Salamu zilikuwa zimemtoka zenyewe, huku mtu anaoza jangwani. Akapiga magoti matopeni.

"Nina mgonjwa, dada. Mguu umevunjika. Siku ya tatu leo."

Mwanamke yule, Tsevelmaa, hakuuliza zaidi. Alimnywesha kidogo kidogo, akajaza madumu, akampakia nyuma ya pikipiki. Wakafuata alama za mawe.

Tumbusi wanne walikuwa wamekaa juu ya gari. Nyamsuren aliwatimua kwa mawe, koo likimkwaruza, asithubutu kuangalia chini. Kisha akaangalia.

Jambal alikuwa macho wazi, nzi pembeni mwa midomo. Mguu ule ulikuwa umekwisha; Nyamsuren alijua kwa harufu kabla ya kuinama, tena akajua kuwa ni yeye atakayemweleza mke wa Jambal. Alimpakata kichwa. Tsevelmaa akatia kijiko cha maji kati ya meno.

Maji yakamwagika kidevuni. Kijiko cha pili pia.

"Meza, shemeji."

Cha tatu. Nyamsuren aliweka vidole viwili juu ya koo la Jambal akangoja. Koo likapanda, polepole, likashuka.

"Kingine," alisema.