Vibamba Vilivyopakwa Mafuta

Kila asubuhi, malori yakianza kunguruma kuelekea mpakani, Nasimiyu alitengeneza dawa ya maji barazani kwake, mtaani Burumba. Alikoroga chumvi katika maji, akatumbukiza vibamba viwili vya madini, akaviunganisha na betri ya sola. Mapovu yalipanda. Baada ya saa chache, maji yale ya chumvi yaligeuka klorini. Majirani wote waliitegemea, maana kipindupindu kilikuwa kimepita hapo. Binti yake, Sharlyne, ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitalini.

Siku moja mapovu yalikuwa machache mno. Nasimiyu alichovya karatasi ya kupimia klorini. Haikubadilika rangi.

"Betri imekufa?" aliuliza Ojiambo, mumewe.

"Betri ni nzima. Redio si inaimba kwa betri hiyo hiyo?"

Sharlyne alikuja na kikombe chake. Nasimiyu alikifunika kwa kiganja. "Ngoja, mama. Maji bado."

Akampigia simu Lubna, mhudumu wa afya aliyemfundisha kazi hiyo. Lubna alifika kwa bodaboda, akanusa vibamba.

"Nani amekaanga samaki hapa?"

Ojiambo alikohoa. "Nilivipaka mafuta jana, visishike kutu. Jembe langu nalipaka hivyo. Lakini asubuhi nimevipangusa."

"Na jembe lako linatengeneza klorini, Baba Sharlyne?" aliuliza Nasimiyu.

Lubna alicheka. "Mzee, hivi havishiki kutu. Mafuta yameundwa kwa chembe ndogo sana, molekuli. Hizo hung'ang'ania kibamba. Umepangusa, lakini nyingine zimebaki. Fikiria malori yamejipanga yakafunga geti lote la mpaka. Nani atapita? Umeme uko, chumvi iko, lakini havikutani."

Ojiambo aliinua kibamba juani. Kiling'aa. Alikigeuza huku na huku, asione kitu.

"Utando ambao jicho halioni," alisema polepole, "umezuia nguvu za jua?"

"Umezuia."

Walivisafisha kwa sabuni na kitambaa laini, wakasuuza tena na tena, kwa kuwa sabuni nayo hung'ang'ania. Wakakoroga chumvi upya. Mapovu yakapanda kwa wingi, meupe kama ya pombe ya busaa inayochacha. Baadaye karatasi ilibadilika rangi. Nasimiyu alipima dawa, akaitia katika maji ya kunywa, wakangoja nusu saa. Ndipo Sharlyne akanywa, akaomba tena.

Kesho yake Nasimiyu alimpa mumewe vibamba amshikie. Ojiambo alirudisha mikono nyuma.

"Acha ninawe kwanza. Nimekula mandazi."