Usukani wa Mtu Mmoja

Zimeni jenereta kidogo, ndugu zangu tunaoishi barabarani ndani ya magari-nyumba, mnisikilize. Habari hii haikutokea mbali. Ni ya Arlys na Verlyn Tostenrud, wale wa Minnesota waliokuwa wakiegesha kila majira ya baridi hapa kwetu jangwani Arizona, karibu na bomba la maji, wenye zulia la kijani mlangoni. Mnawakumbuka. Nani hapa hajala mikate ya viazi ya Arlys?

Asubuhi ile ilikuwa njema. Arlys ameketi kwenye kiti cha kukunja na kikombe chake cha kahawa, jua linamchoma magoti kidogo kidogo, anamtazama mumewe akikunja mipira ya maji tayari kwa safari. Verlyn alikuwa na miaka sabini na mitatu, mtu wa miraba minne, aliyeendesha malori ya nafaka tangu ujana wake. Walipostaafu na kuuza nyumba, miaka sita nyuma, kila kitu cha gari kikawa chake. Yeye ndiye aliyemwaga tangi la maji machafu, yeye aliyeshusha jeki, yeye aliyeliunga gari lao dogo jekundu nyuma ya gari-nyumba, kwa vyuma viwili na pini zake, ili livutwe safarini. Na usukani? Usukani haukujua mkono mwingine. Kazi ya Arlys ilikuwa kahawa, ramani, na kusema, "Angalia mti."

Jirani yao Louella Bratvold akapita na mbwa wake. Huyu ni mjane, anaendesha gari-nyumba lake mwenyewe, tena refu kuliko la Verlyn, na kila Jumamosi huwafundisha wanawake wenzake kwenye uwanja wa gulio ukiwa mtupu.

"Arlys, hii Jumamosi ya tano nakusubiri. Unaniogopa mimi au unaogopa usukani?"

Verlyn akadakia kabla mkewe hajafungua mdomo. "Mwache mke wangu, Lou. Huyu ni dereva wa mwiko. Ukimpa gari hili atatuegeshea juu ya paa la kanisa."

"Na wewe ukiugua, bwana mkubwa?"

"Niugue? Nafasi ya kuugua naitoa wapi?"

"Basi angalau mwonyeshe namna ya kulifungua hilo gari dogo."

"Pini mbili tu! Kuna nini cha kuonyesha?"

Arlys akacheka. Ndiyo, alicheka, na mimi nilikuwepo nikacheka pia. Lakini nisiwafiche: mwaka wa kwanza aliwahi kuomba afundishwe. Verlyn akamwambia, "Usiguse, utajikata kidole." Hakuomba tena. Baadaye akazoea, akaona kutojua ni raha, mtu unakaa zako kama malkia.

Wakaondoka saa tatu. Kuna mtu wa gulioni alikuwa amemsifia Verlyn mahali fulani chini ya vilima vyekundu, pa bure, pasipo kelele za mtu. Ilikuwa maili kumi na nne za njia ya vumbi. Maili tano za mwisho njia ikawa nyembamba, miiba inakwaruza mbavu za gari, na Arlys akaanza kushika mkanda wake.

"Baba, turudi."

"Turudi wapi? Tumeshafika."

Hawakuwa wamefika. Mbele yao mvua ya mwaka ule ilikuwa imekata njia, pamebaki korongo. Verlyn akajaribu kuligeuza gari, likakwama likiwa limejipinda, pua kichakani. Na kila mmoja wetu hapa anajua kwamba gari-nyumba likivuta gari dogo halirudi nyuma. Ukilazimisha, unavunja vyuma. Kwanza lazima uyatenganishe.

Verlyn akashuka akilaani. Arlys akabaki kitini, akimtazama kwenye kile kioo kidogo cha kamera ya nyuma. Alimwona akiinama, akichomoa pini ya kwanza. Akamwona akishika ya pili. Kisha mkono wake wa kulia ukateleza, akaushika tena, ukateleza tena, akausimamisha mbele ya uso wake na kuutazama kama si wake.

Halafu kioo kikabaki na gari jekundu peke yake.

"Verlyn?"

Saa ya gari ilionyesha saa nne na robo.

Arlys hakumbuki alishukaje. Alimkuta mumewe ameketi mchangani, ameegemea gurudumu, mdomo umeteremka upande mmoja.

"Nitazame, Verlyn. Niambie jina langu."

"Kijiko," alisema Verlyn. Akashtuka mwenyewe kusikia hivyo. Akajaribu tena, macho yamemtoka. "Kijiko. Kijiko."

Arlys alijua ni kiharusi, baba yake alikwenda hivyo hivyo. Akatoa simu. Hakuna mtandao. Akakimbia mpaka kwenye kilima kidogo, kukimbia kwa mama wa miaka sabini, akainua simu juu ya kichwa kwa mikono miwili. Hakuna kitu. Pande zote alizotazama palikuwa na miiba na mawe, na hapakuwa na vumbi la gari lolote.

Fikirini alichokuwa nacho mama huyu. Alikuwa na gari-nyumba lenye mafuta tele, asiloweza kuliendesha hata hatua moja. Alikuwa na gari jekundu aliloliendesha kila Jumapili kwenda kanisani, na ufunguo wake mfukoni. Kati yake na hospitali palikuwa na pini moja ya urefu wa kidole.

Akaivuta. Haikutikisika. Akaleta nyundo, akaipiga mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Akamimina mafuta ya kupikia. Akapiga tena, analia, anaomba Mungu, anaitukana pini maneno ambayo mpishi wa shule mstaafu kama yeye hapaswi kuyajua.

"Inatokaje, baba? Niambie inatokaje!"

Na Verlyn alijua! Alikuwa akiitazama pini kwa macho ya mtu anayejua kila kitu. Akainua mkono wa kushoto, akachora duara hewani. "Kijiko," akasema, machozi yanamtiririka. Akachora duara jingine. Arlys akadhani anamwambia aizungushe pini, akaizungusha kwa koleo mpaka mikono ikafa ganzi.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Verlyn akaanza kusinzia, na Arlys akawa kila baada ya dakika mbili anamzaba vibao vidogo shavuni. "Usilale! Ukilala nakuua mwenyewe, unanisikia?" Jua lilikuwa limewaka kichwani. Mara ya kwanza katika miaka arobaini na minane ya ndoa, akaona waziwazi maisha bila Verlyn. Akaona na lingine lililomtisha zaidi, kwamba mumewe hapigwi na ugonjwa peke yake, anakufa kwa sababu ya kutojua kwake yeye.

Mwishowe, nguvu zikiwa zimemwishia, akaingia ndani ya gari jekundu apige honi, labda mtu angesikia. Akapiga, akapiga. Akaushika usukani kwa hasira akauvuta kushoto. Nje, kule kwenye pini, chuma kikalia: ka!

Akaacha honi, akatega sikio. Akauzungusha tena. Chuma kikalia tena, kikalegea. Ndipo alipolielewa lile duara. Vyuma vilikuwa vimebana kwa sababu magari yalisimama yakiwa yamejipinda, na dawa yake ni kugeuza usukani wa gari dogo ili mbano uachie. Ni kazi ya nusu dakika. Lou huifundisha Jumamosi ya kwanza.

Pini ilitoka kwa vidole viwili, saa saba kasoro robo.

Namna alivyomburuta lile pande la mtu hadi kwenye kiti, Mungu ndiye ajuaye. Aliendesha ile njia ya vumbi huku mkono mmoja umeshika shati la mumewe. Walipofika barabara kuu simu ikashika, gari la wagonjwa likaja kuwapokea njiani. Walipofika hospitali ilikuwa saa tisa kamili.

"Ilianza saa ngapi, mama?" daktari akauliza.

"Saa nne na robo."

Daktari akaitazama saa ya ukutani. Alikuwa kijana mpole, akavuta pumzi kwanza. "Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini lazima itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Mmechelewa kwa robo saa tu. Tutafanya yote mengine tunayoweza."

Robo saa! Ndugu zangu, robo saa.

Verlyn hakufa. Mwezi Machi, joto lilipoanza kukaza, ilibidi warudi Minnesota kwa watoto. Jumamosi moja Lou akalileta gari-nyumba la Tostenrud, lililokuwa limenasuliwa kule korongoni, kwenye uwanja wa gulio, Arlys akapanda kiti cha dereva. Verlyn akakaa kile kiti cha ramani, mkono wa kulia umelala mapajani.

"Baba, hii swichi ya bluu ni ya nini?" Arlys akauliza. "Ni ya jeki au ya breki?"

Verlyn akaitazama swichi. Akaijua. Mdomo wake ukahangaika, mishipa ya shingo ikasimama, miaka hamsini ya barabara imo kichwani humo na hakuna hata neno moja linalotoka.

"Kijiko," alisema, akageuzia uso dirishani.

Arlys hakucheka, wala Lou. Arlys akaweka mkono wake juu ya mkono uliokufa, akaubonyeza, ingawa alijua hausikii. Kisha akajifuta macho, akafungua kitabu cha maelekezo ukurasa wa kwanza.

FUNZO

Wewe mume unayependa kusema "niachie mimi", hujamwondolea mkeo mzigo wowote. Umemfungia ndani ya gari na ufunguo umeumeza. Unachokijua peke yako kitazimika nawe, pengine siku moja kabla yako. Mfundishe kumwaga tangi, kufunga gesi, kushusha jeki, kutoa pini, kushika usukani. Mfundishe mkiwa wazima na mkitaniana.

Na wewe mama unayecheka ukiitwa dereva wa mwiko, sikukosei heshima, lakini umo kwenye lawama hii. Omba mara ya pili. Ukikataliwa, nenda kwa Lou.

Haya, washeni jenereta zenu. Ila kabla hamjawasha, kila mmoja ampe mwenzake funguo, amwambie: "Tutoe hapa." Kisha anyamaze, aone watafika wapi.